Vibali Vingi kwa Mto Mmoja: Historia ya Mgao wa Maji Kandokando ya Mlima Kenya

Historia ya maji katika Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya ni, kwa sehemu kubwa, historia ya ahadi. Kibali cha maji, yaani hati ya serikali inayomruhusu mtu au kikundi kuchukua kiasi fulani cha maji kutoka mto fulani, ni ahadi ya kiasi. Na tangu Sheria ya Maji ya 1929 ilipotungwa katika koloni la Kenya, ahadi hizo zimekuwa zikiongezeka ilhali mito imebaki ile ile. Kwamba jumla ya ahadi ilifika mahali ikauzidi mto si jambo la kushangaza. Linalostahili kuchunguzwa ni jinsi hali hiyo ilivyoweza kudumu miongo mingi bila kishindo, sababu zilizoifanya hatimaye ishindwe, na njia zilizobuniwa na wakazi wa Naro Moru, Nanyuki, Timau na Mwea ili watu wengi waendelee kutumia kitu kisichoweza kuwatosha wote kwa wakati mmoja.

Desturi ya kuahidi kupita kilichopo haikuanzia mlimani, wala haijaishia huko. Mwenye rasilimali hugawa haki nyingi kuliko rasilimali aliyo nayo, akitegemea kwamba wenye haki hawatazidai zote kwa pamoja: benki huikopesha amana ya wateja wake kwa msingi huo, na kampuni za simu huuza laini nyingi kuliko mazungumzo ambayo mnara mmoja unaweza kuyabeba. Katika miaka ya karibuni desturi hiyo imechunguzwa kwa makini zaidi na wahandisi wa huduma za wingu, yaani biashara ya kukodisha uwezo wa kompyuta zilizo mbali kwa malipo yanayolingana na matumizi, na baadhi ya kanuni walizozifikia zinafanana mno na zile zilizofikiwa na wakulima wa Laikipia na Nyeri kwa njia ya ugomvi, mikutano na kiangazi. Kufanana huko kunasaidia kuona kwamba ahadi zilizozidi huwa madhara pale zinapotolewa bila kipimo, na pale ambapo siku ya upungufu inafika kabla ya kuamuliwa nani atapunguziwa kwanza na kwa kiasi gani.

Jiografia ya mahali ndiyo iliyoweka masharti ya mwanzo. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199 kwenye kilele cha Batian, hupokea mvua nyingi upande wa kusini na mashariki, ambako mito ya Sagana, Thiba, Nyamindi na Rupingazi huteremka kuelekea mto Tana, na mvua chache upande wa magharibi na kaskazini, ambako mito ya Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Likii, Ontulili, Sirimon na Timau huungana na mto Ewaso Ng'iro unaopita katika nchi kavu ya Laikipia na Samburu hadi Archers Post, kisha kupotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Bonde la juu la Ewaso Ng'iro, hadi Archers Post, lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 15,200, lakini sehemu kubwa ya maji yanayopita humo wakati wa kiangazi hutoka kwenye ukanda mwembamba wa msitu na nyika za juu mlimani. Imani iliyoenea kwamba mito hii hulishwa na barafu haina msingi imara, kwa kuwa barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko nyingine mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na hata ilipokuwa nene mchango wake kwa mito ulikuwa mdogo ukilinganishwa na mvua inayohifadhiwa na udongo wa msitu na kutolewa polepole. Kwa hiyo kiasi cha maji mtoni hubadilika sana ndani ya mwaka mmoja. Mwezi wa Mei mto unaweza kuvunja kingo zake. Mwezi wa Februari mto huo huo huvukwa kwa miguu bila kulowesha magoti, na Februari ndio mwezi ambao kila shamba linalihitaji tone lake.

Kabla ya ukoloni, haja ya kuandika mgao haikuwepo. Wakikuyu wa Nyeri waliishi juu ya migongo ya ardhi iliyotenganishwa na mito, maji ya nyumbani yalitekwa kwa vibuyu, mifugo ilishushwa mtoni kunywa, na mvua ndiyo iliyolisha mashamba. Upande wa Laikipia, Wamasai walihamisha mifugo kufuata malisho na maji. Mahali pengine Afrika Mashariki palikuwa na mila ya mifereji iliyokomaa, hasa mifongo ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro na mifereji ya Wamarakwet kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na katika mila hizo jambo moja linafaa kukumbukwa kwa sababu litarudi baadaye: haki ya maji ilipimwa kwa zamu. Ukoo ulipewa asubuhi yake au usiku wake mferejini, na kilichokuwamo wakati huo kilikuwa chake, kingi au kidogo, hivyo mto ulipopungua kila haki ilipungua pamoja nao bila hati yoyote kuandikwa upya.

Utaratibu ulioletwa na Waingereza ulijengwa juu ya msingi tofauti. Kituo cha Nyeri kilianzishwa mwishoni mwa 1902 baada ya kampeni ya kijeshi. Mkataba wa 1904 uliwahamishia Laikipia Wamasai wa Bonde la Ufa, ule wa 1911 ukawaondoa huko, na uhamisho wa mwisho ulikamilika mwaka 1913. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa ardhi askari wa zamani uliongeza walowezi katika eneo la Nanyuki na Naro Moru. Na mwanzoni mwa miaka ya 1930 reli ikafika Nanyuki, ikafungua soko kwa ngano, maziwa na nyama. Mashamba hayo makubwa yalikuwa katika nchi yenye mvua haba, na wenyewe walichimba mifereji ya udongo iliyoanzia kwenye mabanio karibu na msitu, banio likiwa ni mahali ambapo mto huzuiwa kidogo kwa mawe au saruji ili sehemu ya maji ielekezwe mferejini, kisha maji yakasafiri kilomita nyingi katika jua hadi kwenye josho la ng'ombe na bustani ya nyumba. Sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini au ikawa mvuke kabla ya kufika.

Sheria ya 1929 iliyafanya maji yote ya mito kuwa mali ya Taji la Uingereza, na Sheria ya Maji ya 1951, iliyoanza kutumika mwaka 1952 na baadaye kujulikana kama Sura ya 372 ya sheria za Kenya, ikaimarisha utaratibu wa vibali chini ya Bodi ya Ugawaji Maji. Ni vyema kulitazama kwa karibu wazo lililokuwa ndani ya kibali hicho, kwa sababu karibu matatizo yote yaliyofuata yalikuwa yamejificha humo. Kibali kilitaja kiasi maalumu cha maji kwa siku, kiliambatanishwa na ardhi fulani, na kilidhani kwamba mwenyewe atakuwa na kifaa cha kupima kwenye banio lake na kwamba afisa atapita kukikagua. Kiasi maalumu ni kipimo cha haki mto unapokuwa umejaa. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba mto unabeba lita 1,000 kwa sekunde mwezi wa Mei na lita 200 mwezi wa Februari, vibali vya jumla ya lita 400 vitakuwa vya busara kwa miezi kadhaa ya mwaka na vya uongo kwa miezi iliyosalia, na hakuna neno lolote katika hati linalomwambia mwenye kibali cha lita 20 kwamba mwezi wa Februari zimebaki kumi.

Walowezi waliweza kuishi na kasoro hiyo kwa sababu tatu ambazo hazikuandikwa popote. Walikuwa wachache, hivyo kila mmoja alimjua jirani wa chini yake na ugomvi ulimalizwa kwa barua au kwenye klabu. Mashamba yao yalikuwa ya mifugo na nafaka, ambazo hazikuhitaji umwagiliaji wa kila siku. Na vibali vingi havikutumika kikamilifu. Maji yaliyoahidiwa na yasiyochukuliwa yalibaki mtoni yakateremka hadi kwa wafugaji wa Samburu, ambao hawakuwa na kibali chochote na waliishi, bila kuambiwa, kwa kutegemea uvivu wa hati za watu wengine. Kisheria, hata hivyo, maji hayo yalikuwa yamekwisha kutolewa, na mpango wowote wa nchi ya chini uliojengwa juu yake ulikosa msingi.

Uhuru ulibadili idadi ya watumiaji kabla ya kubadili sheria. Mpango wa kuwapa wananchi makao katika ekari milioni moja za ardhi ya walowezi, na baada yake kampuni na vyama vya ushirika vya kununua mashamba vilivyovuma katika miaka ya 1960 na 1970, vilihamisha maelfu ya familia kutoka Nyeri, Meru na kwingineko hadi kwenye mashamba yaliyokatwa vipande vya ekari chache katika nchi ambayo mvua yake haikutosha kwa mahindi ya kuaminika. Shamba lililokuwa na mwenye mmoja, mfereji mmoja na kibali kimoja likawa kijiji. Wakazi walichangishana kwa harambee, wakaunda miradi ya maji, wakanunua mabomba, na kila mradi ukaenda kuomba kibali chake. Mradi uliokosa kibali ulitumia kile cha shamba la zamani, na uliokosa vyote viwili ulitega bomba usiku. Upande wa Nyeri yenyewe, viwanda vya kumenya kahawa vya vyama vya ushirika vilihitaji maji mengi msimu wa kuosha buni, na kandokando ya mlima miji ya Karatina, Kerugoya na Nanyuki ilikuwa ikipanuka.

Pigo la mwisho lilitoka katika soko la nje. Kuanzia miaka ya 1980, na kwa kasi zaidi katika miaka ya 1990, kilimo cha maua, njegere na maharagwe mabichi ya kupelekwa Ulaya kwa ndege kilienea kuanzia Timau hadi Naro Moru, katika mashamba ya kampuni na katika vishamba vya wakulima wadogo waliouza kwa mkataba. Kilimo hiki kiliondoa ile bahati iliyokuwa imewalinda watu kwa nusu karne, yaani tofauti ya nyakati za matumizi. Mnunuzi wa Ulaya hungojea mboga katika majira yao ya baridi, na majira hayo huangukia kiangazi cha Januari na Februari mlimani, kwa hiyo watumiaji wote walianza kudai haki zao zote katika wiki zile zile ambazo mto ulikuwa mdogo kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Ahadi zilizotolewa kwa miaka sitini ziliwasilishwa kwa pamoja.

Matokeo yalionekana chini kabla ya kuonekana juu. Katika ukame mkali wa 1984, na tena katika ule wa 2000, Ewaso Ng'iro ulikatika ukawa mchanga katika sehemu zake za chini, na wafugaji walipanda na mifugo kuutafuta mto mahali ulipokuwa ungali na maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern na wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliofanya kazi Laikipia tangu miaka ya 1980 na ambao kazi yao ilizaa kituo cha utafiti cha CETRAD mjini Nanyuki, walipita mto kwa mto wakihesabu mabanio, mabomba na pampu, wakalinganisha walichokikuta na daftari la vibali. Waligundua kwamba kwenye mito kama Naro Moru sehemu kubwa ya maji ya kiangazi ilikuwa ikichukuliwa kabla ya kufika uwandani, na kwamba sehemu kubwa ya kilichochukuliwa haikuwa na kibali au ilizidi kibali. Hesabu hiyo ilikuwa kazi ya heshima kubwa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mabishano kuhusu nani anaiba maji yaliweza kufanyika juu ya tarakimu zinazoonekana na pande zote.

Kwa bahati ya historia, katika miongo hiyo hiyo tatizo lenye umbo hilo lilikuwa likishughulikiwa katika fani iliyo mbali kabisa na mifereji. Wazo la kugawana kompyuta moja kati ya watumiaji wengi lilionyeshwa likifanya kazi katika taasisi ya MIT, Marekani, mwaka 1961, wakati kompyuta ilipokuwa ghali mno kuachwa ikimngoja mtu anayefikiri. Mwaka 1972 kampuni ya IBM ilitoa mfumo wa VM/370, ulioigawa kompyuta moja katika kompyuta pepe kadhaa, kila moja ikijiona kuwa nzima. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliuleta ustadi huo kwenye kompyuta za kawaida. Na mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha kompyuta pepe kwa umma kwa senti 10 za Marekani kwa saa. Mwenye kukodisha kwa namna hiyo huwa na kishawishi kile kile cha bodi ya maji. Wateja wengi hulipia uwezo wasioutumia, hivyo kompyuta moja inaweza kuahidiwa kwa wapangaji ambao jumla ya haki zao inazidi kumbukumbu na nguvu iliyomo, na kwa siku nyingi hakuna atakayejua.

Wahandisi wa huduma hizo hawakuikataa ahadi iliyozidi, kwa sababu kuikataa kungemaanisha mashine nyingi kukaa bure na bei kupanda kwa kila mtu, bali waliizungushia masharti. Matumizi halisi hupimwa kila sekunde, si kila mwaka. Kumbukumbu inapopungua, mfumo wa VMware, kwa mbinu iliyoelezwa hadharani mwaka 2002, huitaka kila kompyuta pepe irudishe ile sehemu iliyolala bila kazi kabla ya kugusa ile inayotumika. Mfumo wa Linux hufika mbali zaidi: kumbukumbu inapokwisha kabisa, huchagua programu moja na kuizima ili nyingine zibaki hai, na msimamizi anaweza kuamua mapema ni programu ipi isizimwe kamwe. Mwaka 2014 Amazon iliongeza utaratibu wa bei nafuu ambao mpangaji hupewa kiwango kidogo cha kudumu, hujilimbikizia akiba anapotumia chini ya kiwango hicho, na huitumia akiba hiyo anapohitaji nguvu zaidi kwa muda. Kipimo cha mara kwa mara, kurejesha kisichotumika, orodha ya wa kupunguziwa iliyokubaliwa kabla ya shida, na akiba ya siku nzuri kwa ajili ya siku mbaya: kila moja ya kanuni hizi ina mwenzake katika sheria na desturi zilizozuka Mlima Kenya, ambako hazikuigwa kutoka kwenye kompyuta, na ambako ziligharimu zaidi kwa kuwa anayezimiwa ni mtu.

Vyama vya watumiaji maji vilianza kuundwa kwenye mito ya Laikipia, Nyeri na Meru katika miaka ya 1990, kabla ya sheria kuvitambua, na ni muhimu kusisitiza utangulizi huo kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba serikali ndiyo iliyovileta. Vilizaliwa na ugomvi. Watu wa chini walipanda mto kwa miguu kuwaendea watu wa juu, mara nyingine kwa hasira, na katika mikutano iliyofuata waligundua kwamba hakuna aliyekuwa na picha ya mto mzima: wa juu hakujua kwamba mto unakauka, na wa chini hakujua wako wangapi juu yake. Vyama kama vya Ngusishi, Burguret, Naro Moru na Likii viliwaweka pamoja mradi wa kijiji, kampuni ya maua, hoteli na mfugaji wa chini, kisha vikaanza kupanga zamu. Katika kiangazi, miradi ya sehemu moja ya mto hufunga mabanio yake kwa siku zilizokubaliwa ili maji yateremke kwa wengine, halafu hubadilishana; walinzi wa mto, ambao ni wenyeji wanaolijua kila bomba, hutembea ukingoni kuhakikisha kufungwa kumefanyika. Kwa maneno mengine, kile kibali cha kiasi maalumu kilirekebishwa kimya kimya kwa kutumia zamu, na haki ikaanza tena kupungua na kuongezeka pamoja na mto, kama ilivyokuwa katika mifereji ya Wamarakwet.

Sheria ya Maji ya 2002 iliupa utaratibu huo nguvu. Iliunda mamlaka ya kusimamia rasilimali za maji, iliyorithiwa, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya sasa. Ilivitambua vyama vya watumiaji. Ilitamka kwamba matumizi ya nyumbani yatangulie matumizi mengine yote. Na ilianzisha dhana ya akiba ya mto, yaani kiasi ambacho hakiruhusiwi kugawiwa mtu kwa sababu ni cha mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa mto wenyewe. Akiba hiyo ndiyo ile programu isiyozimwa, na kuwekwa kwake katika sheria kulikuwa mapinduzi, kwani kwa mara ya kwanza mfugaji wa Archers Post na samaki wa mtoni walipata nafasi katika hesabu ambayo tangu 1929 ilikuwa imewahesabu wenye hati peke yao. Kanuni za 2007 zikaongeza malipo kwa kila mita ya ujazo inayochukuliwa, ambayo kwa wengi yalikuwa senti 50 za Kenya, fedha ndogo sana, lakini yenye matokeo makubwa kwa kuwa haiwezekani kumtoza mtu kwa matumizi bila mita kwenye banio lake. Kibali nacho kikapewa muda wa kwisha, ili kisichotumika kiweze kurudi mtoni.

Kanuni zile zile ziligawa maji ya mto katika tabaka mbili, na mgawanyo huu pengine ndio uliobadili sura ya nchi kuliko kifungu kingine chochote. Maji ya kawaida, yanayopatikana karibu mwaka mzima, yalielekezwa kwanza kwa nyumba na mifugo. Maji ya mafuriko, yanayozidi kiwango cha kawaida wakati wa mvua, ndiyo yaliyoachiwa umwagiliaji, kwa sharti kwamba anayeyataka ajenge hifadhi inayoweza kumtosha takriban siku 90 za kiangazi. Msafiri wa barabara ya Naro Moru hadi Timau huona leo mabwawa yaliyotandikwa karatasi za plastiki nyeusi, makubwa kwenye mashamba ya kampuni na madogo nyuma ya nyumba za wakulima. Kila bwawa kati ya hayo ni ahadi ya Februari iliyohamishwa hadi Aprili, mwezi ambao mto unaweza kuitimiza. Udhaifu wa mpango huu ni wa fedha: kampuni inaweza kuchimba bwawa kwa msimu mmoja, ilhali mkulima wa ekari mbili huhitaji mkopo na ardhi ambayo angeipanda viazi, hivyo kanuni iliyo ya haki kwa mto yaweza kumwegemea mwenye mtaji isipokuwa mabwawa ya pamoja yajengwe kwa fedha za umma.

Upande wa kusini wa mlima, Mwea ilipitia njia nyingine. Mifereji yake ilichimbwa kuanzia mwaka 1954 na wafungwa wa kisiasa wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, ikachukua maji ya mito Thiba na Nyamindi kwa ajili ya mpunga, na kwa miongo kadhaa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji iliamua nani apande lini na nani afunguliwe maji lini. Mgao huo ulitekelezwa kwa amri, na ulifanya kazi kwa sababu mkulima hakuwa na la kusema; mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima waliikataa bodi hiyo, wakachukua uendeshaji kupitia ushirika wao, na uhuru huo uliostahili ulikuja pamoja na upanuzi usiopangwa wa mashamba ya nje ya mpango, yaliyovuta maji kutoka mifereji ile ile. Mto uliokuwa umepimwa kwa eneo moja ukawa unahudumia maeneo mawili, na wakulima wa mwisho wa mfereji ndio waliolipa kwa mpunga uliokauka. Serikali ilijibu kwa kuongeza rasilimali: bwawa la Thiba, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 15.6, lilizinduliwa Oktoba 2022. Bwawa limepunguza dhiki, lakini kuongeza chanzo bila kulifunga daftari la watumiaji hukaribisha ekari mpya, na upangaji wa misimu kwa makundi, ambamo sehemu moja ya Mwea hupanda wakati nyingine inavuna, unabaki wa lazima.

Mji wa Nyeri wenyewe unaonyesha ni kiasi gani kinachoweza kupatikana kwa kupima tu. Kampuni ya maji ya mji huo, NYEWASCO, iliyoundwa mwaka 1997 kutokana na idara ya manispaa, ilianza kwa kuhakikisha kwamba kila mteja ana mita inayofanya kazi na kwamba mabomba yanayovuja yanazibwa, na kwa miaka mingi imetajwa katika ripoti za mdhibiti wa huduma za maji kuwa miongoni mwa kampuni bora nchini, mara nyingi ikishika nafasi ya kwanza. Katika miji mingi ya Kenya karibu nusu ya maji yanayosafishwa hupotea kabla ya kulipiwa. Nyeri ilikishusha kiwango hicho mbali chini ya wastani wa nchi, na maji yaliyookolewa yalikuwa sawa na chanzo kipya ambacho hakikuchukuliwa kwa jirani yeyote.

Kwenye mito ya magharibi ya mlima, kazi iliyosalia ni ya daftari. Vipo vibali vilivyotolewa kwa mashamba ambayo yamekwisha kugawanywa mara mbili au tatu, vipo vyama vya watumiaji vinavyowalipa walinzi wa mto kwa michango isiyo ya uhakika, na ipo mipango ya mabwawa makubwa kwenye Ewaso Ng'iro, kama lile lililokusudiwa Crocodile Jaws, ambayo wafugaji wa chini wameipinga kwa hofu kwamba ahadi mpya zitatolewa juu yao tena bila wao kuhesabiwa. Ushirika wa Mount Kenya Ewaso Water Partnership, ulioundwa mjini Nanyuki katika miaka ya 2010, huwakalisha wenye mashamba, vyama vya mito, kaunti na mamlaka katika meza moja, na miongoni mwa yanayohitajika kwanza katika meza hiyo ni orodha moja ya kila mto, yenye kila banio, kila kibali na kila mita, inayosomwa na mtu wa Samburu kwa urahisi ule ule kama inavyosomwa na mwenye shamba la maua la Timau.